Kabla Hujanunua Darubini ya Joto

Muuzaji atakuambia inaona mita 1,800, na hatakuwa amekudanganya. Boksi limeandikwa hivyo, na ukiielekeza kwa mtu aliyesimama umbali huo usiku wa baridi, kweli utaona kitu. Utaona nukta. Nukta hiyo yaweza kuwa mtu, ng'ombe, jiwe, au kichuguu kilichopigwa na jua mchana kutwa. Kuona kwamba kuna kitu ni jambo moja, kujua ni kitu gani ni jambo jingine kabisa, na karibu kila kosa la wanaotumia vifaa hivi huzaliwa katikati ya mambo hayo mawili.

Nawaandikia hasa waongoza watalii wanaofanya safari za usiku, watu wa hifadhi za jamii, wanaofuatilia bundi na komba, na wakulima wanaopakana na tembo. Wawindaji nao wana sehemu yao, ila watanisubiri kidogo, kwa sababu katika nchi zetu suala lao linaanzia kwenye sheria kabla ya kufika kwenye lenzi.

Tuanze na namna kifaa kinavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hilo nusu ya ushauri wangu utaukisia mwenyewe. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Darubini ya joto hupokea mionzi hiyo, ile yenye urefu wa mawimbi wa mikroni 8 hadi 14 hivi, kupitia lenzi ya jerimaniumu, kisha huigeuza kuwa picha kwenye kioo kidogo cha ndani. Haihitaji mwezi wala nyota, na haitoi mwanga wowote. Hapo ndipo inapotofautiana na zile darubini za usiku zinazokuza mwanga hafifu au kumulika taa ya infraredi: hii hupokea tu, na hakuna mwanga utakaomwambia mnyama kwamba anatazamwa.

Lakini inachopokea ni joto la juu ya ngozi au manyoya, si joto la ndani ya mwili. Nyati aliyetoka kugaagaa matopeni huonekana na mabaka meusi mwilini kana kwamba kipande chake kimekatwa. Nungunungu, kwa ile miiba yake, hufifia mgongoni na kung'aa usoni na miguuni. Wala joto halipenyi majani. Watu wengi hununua darubini hizi wakiamini zitawaonyesha chui aliye nyuma ya kichaka kizito. Hazitawaonyesha. Zitawaonyesha kipande cha sikio na kipande cha paja kupitia upenyo wa matawi, kama upenyo upo, na kazi ya kuviunganisha vipande hivyo mpaka viwe chui ni ya kwako.

Kioo cha kawaida nacho huzuia mionzi hiyo. Ukiwa ndani ya gari na dirisha limefungwa, utakachokiona ni joto la dirisha lenyewe na kivuli cha uso wako. Fungua dirisha au paa. Nimeona mtu akirudisha kifaa kizuri dukani akilalamika kwamba ni kibovu, kumbe alikijaribu akiwa sebuleni, nyuma ya vioo vya madirisha.

Sasa turudi kwenye zile mita 1,800. Picha ya darubini ya joto imeundwa na vipande vidogo, pikseli, na kila pikseli hufunika eneo fulani kule unakotazama. Chukua kifaa kinachouzwa sana siku hizi: pikseli za mikroni 12 na lenzi ya milimita 35. Gawanya 12 kwa 35, upate 0.34. Maana yake, kwa kila mita 1,000 pikseli moja hufunika sentimita 34. Kwa mita 1,800 inafunika sentimita 62 hivi, kwa hiyo mtu mwenye urefu wa mita 1.8 anakuwa pikseli tatu kwenda juu, na upana wake haujazi hata moja. Ndiyo ile nukta. Swala pala, ambaye begani hafiki mita moja, ni pikseli moja na nusu.

Mlete swala huyo mita 300. Pikseli sasa ni sentimita 10, na mnyama ana pikseli kama 9 kwenda juu na 12 au 13 kwa urefu wa mwili. Hapo umbo linaanza kuzungumza: una shingo, una miguu, una mgongo. Pembe bado huzioni, ni nyembamba kuliko pikseli moja. Mlete mita 150, na sasa unaweza kubishana na mwenzako kama ni dume.

Mwaka 1958 mwanasayansi wa jeshi la Marekani aitwaye John Johnson alieleza ni mistari mingapi inahitajika ili mtazamaji agundue kitu, atambue aina yake, kisha akijue hasa ni kipi. Kwa hesabu ya pikseli za leo, vipimo vyake huchukuliwa kuwa kama 2 kwa kugundua, 8 kwa kutambua aina na 13 hivi kwa kujua hasa; na hapo ni kwa uwezekano wa nusu kwa nusu tu. Watengenezaji wengi huandika kwenye boksi ule umbali wa kugundua. Kwa hiyo nina kanuni ya dukani: umbali ulioandikwa, gawanya kwa sita. Kifaa cha mita 1,800 ni kifaa cha mita 300. Kama mita 300 zinakutosha kwa kazi yako, nunua bila wasiwasi. Kwa safari za usiku katika njia za gari, zinatosha kabisa.

Hesabu hiyo pia itakusaidia kuchagua lenzi, na hapa wanunuzi wengi hukimbilia lenzi kubwa bila sababu. Lenzi ya milimita 50 hufika mbali, lakini hukupa dirisha jembamba. Kwa kihisio, yaani kile chombo cha ndani kinachopokea mionzi, chenye upana wa pikseli 384, lenzi ya 35 inakupa nyuzi saba na nusu tu za upana, wakati ya 19 inakupa karibu 14. Nyuzi saba na nusu katika msitu wa Shimba Hills au Usambara ni mateso: utazunguka na darubini usiku kucha na komba watakupita pembeni. Kwenye msitu chukua lenzi fupi, ya 13 hadi 19. Kwenye mbuga wazi, kama nyanda za Mara au Serengeti, ya 25 hadi 35. Kubwa zaidi ya hapo waachie wenye kazi maalumu.

Kihisio chenyewe huuzwa kwa madaraja matatu. Cha pikseli 256 kwa 192 ndicho cha bei ya chini, na kwa bei za Ulaya na Marekani vifaa vyake huanzia kwenye mamia ya dola. Cha 384 kwa 288 ndicho ninachompendekezea mtu anayeanza kazi kwa dhati. Cha 640 hukupa upana na undani kwa pamoja, lakini bei hupanda mara mbili au zaidi, na fedha hiyo kwa mwongoza watalii wa kawaida ingetumika vizuri zaidi kununua darubini nzuri ya mchana. Vile vidubwasha vya kuchomeka kwenye simu vimetengenezwa kwa mafundi umeme na mafundi majengo. Vitakuonyesha paka uani. Mbugani havina kazi.

Kuna namba moja ambayo matangazo huitaja kwa herufi ndogo, nayo ni uwezo wa kutofautisha joto, unaopimwa kwa milikelvini. Ndogo ndiyo bora: 25 ni bora kuliko 40. Usiku mkavu wa Laikipia hutaona tofauti. Usiku wa mvua za masika huko pwani, wakati unyevu umejaa hewani na kila kitu kina joto linalokaribiana, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama unamwona mnyama au unaona uji wa kijivu. Anayefanya kazi Pangani au Kwale aiangalie namba hii kabla ya kuangalia lenzi.

Angalia pia idadi ya picha kwa sekunde. Vipo vifaa vya hezi 9, vingi vikiwa hivyo kwa sababu sheria za kudhibiti mauzo ya nje hulegea kuanzia kiwango hicho kushuka chini. Kwa kutazama kiboko aliyesimama havina neno. Kwa popo, au bweha anayekimbia, picha inarukaruka mpaka macho yanauma. Tafuta 25 kwenda juu.

Ukishakinunua, usikipeleke moja kwa moja porini. Kaa nacho uani. Kwanza rekebisha kile kiduara cha jichoni mpaka maandishi ya kwenye kioo yasomeke wazi, ndipo urekebishe lenzi ya mbele kwa umbali. Wengi hufanya kinyume, halafu wanalaumu kifaa kwa ukungu walioutengeneza wenyewe. Punguza mwangaza wa kioo hadi kiwango cha chini unachoweza kuvumilia, kwa sababu jicho linalotazama humo hupoteza uwezo wake wa gizani na huchukua kama nusu saa kurudi sawasawa. Tazama kwa jicho moja siku zote, lingine libaki la kutembelea. Na mara kwa mara utasikia mlio mdogo, tik, na picha itaganda kwa sekunde moja: ni kifuniko cha ndani kinajifunga ili kihisio kijirekebishe. Si ubovu. Ila usiku mtulivu, ukiwa karibu na digidigi, mlio huo unasikika, na vifaa vingi vina namna ya kuuzima na kujirekebisha kwa mkono.

Rangi zipo nyingi, na zile za upinde wa mvua ni za kufurahisha wageni. Kazi halisi hufanywa na mbili. Nyeupe-moto, ambapo chenye joto ni cheupe, ni ya kutafutia. Nyeusi-moto, ambapo mnyama ni mweusi kwenye nyasi za kijivu, haichoshi jicho sana na huonyesha umbo vizuri zaidi, hivyo ukishapata nukta yako geuza uje huku. Ile ya kukuza picha kwa kitufe usiitegemee, kwa sababu inachokuza ni pikseli zilezile. Mnyama mwenye pikseli tisa atabaki na tisa, zimekuwa tofali tu.

Saa za kutumia ni habari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi hutoka saa moja usiku, jua likiwa limezama punde, na huo ndio wakati mgumu: mawe, vichuguu, barabara na vigogo vimehifadhi joto la mchana, na skrini imejaa nukta. Kuna kipindi jioni na kingine asubuhi baada ya jua kuchomoza ambapo joto la mnyama na la mazingira yake hukaribiana kiasi kwamba tembo mzima anaweza kuyeyuka mbele yako. Ukiweza kuchagua, chagua saa tisa hadi kumi na moja alfajiri. Ardhi imepoa, na chochote kilicho hai kinajitokeza waziwazi.

Mahali napo pana kauli yake. Ukingo wa Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ni mahali pa raha kwa darubini ya joto kwa sababu usiku baridi ni kali. Tsavo na Nyerere, chini kwenye joto, mawe hubaki ya moto mpaka usiku wa manane. Baada ya mvua kila kitu hulowa na kulingana joto, picha hufubaa, na ukungu mzito huificha kabisa. Usiku wa namna hiyo tumia masikio.

Haya, umeiona nukta. Sasa kazi inaanza, na hapa mwongozaji aliyezoea kurunzi hulazimika kujifunza upya. Kwa kurunzi tunawajua wanyama wengi kwa macho yao: jinsi yanavyong'aa, rangi yake, urefu wake kutoka ardhini, yanavyorukaruka. Kwenye darubini ya joto mng'ao huo haupo. Jicho ni sehemu yenye joto usoni, basi. Unabaki na umbo na mwendo, na kati ya hivyo viwili, mwendo ndio usiodanganya.

Mtazame fisi. Hata akiwa mita 400, ambapo umbo lake ni tone tu, utauona mteremko: mabega juu, nyonga chini, na ule mwendo wa kudunda kwa mbele kama anayechechemea bila kuumwa. Simba akitembea, mgongo wake hukaa sawa na kichwa hakipandi juu ya mabega, huteleza. Bweha hukimbia hatua fupifupi, husimama ghafla, hugeuza kichwa, huendelea. Kamendegere, yule mnyama mdogo arukaye kwa miguu ya nyuma, huwashangaza wageni kuliko simba: nukta inayopanda na kushuka kwenye nyasi fupi, zikiwa kumi au ishirini kwa pamoja. Nyegere huenda moja kwa moja bila kujali mtu. Kanu na fungo hupishana kwa urefu wa mkia na uzito wa hatua, na ukiwa mbali usione aibu kusema "mmoja wao".

Ikiwa nukta haitembei, usiipe jina. Subiri dakika tano. Kichuguu hakigeuzi kichwa. Jiwe huwa na joto linalolingana kote, na kingo zake hufifia taratibu. Mnyama ana sehemu za moto zaidi, macho, masikio kwa ndani, kinena, na ana pumzi. Kuna pia alama za kupotosha ambazo ni nzuri kuzijua: mahali mnyama alipolala hubaki na joto kwa dakika kadhaa baada ya kuondoka, na mavi mabichi ya tembo hung'aa sana. Wakati mwingine alama hizo ni habari kamili kuliko mnyama mwenyewe, kwa sababu zinakuambia ameondoka sasa hivi na ameelekea wapi.

Namna ya kutafuta ni ya polepole. Zima injini, boneti yenye moto hujaza nusu ya chini ya picha, na mtetemo wa gari hufanya kila nukta iwe mstari. Anza karibu, fagia kutoka kushoto kwenda kulia, simama kila baada ya upana wa dirisha moja, hesabu moja mpaka tatu, endelea. Ukimaliza ukanda huo, inua kidogo urudi. Anayezungusha haraka huona mengi na hapati lolote. Kwenye msitu anzia vileleni: komba na perere huonekana vizuri wakiwa na anga baridi nyuma yao, na anga usiku ni kitu baridi kuliko vyote utakavyoviona. Kule Arabuko-Sokoke, ambako yule bundi mdogo wa Sokoke mwenye sentimita 16 tu hukaa bila kutikisika kwenye majani, darubini ya joto iliyofuata sauti yake huokoa saa nzima ya kumulikamulika miti.

Fanyeni kazi wawili. Mmoja ashike darubini ya joto, mwingine darubini ya kawaida na kurunzi yenye chujio jekundu. Wa kwanza hupata na kuelekeza: "Mti wa kwanza kushoto, vidole viwili kulia, chini." Wa pili humulika mara moja, kwa muda mfupi, kando ya mnyama na si machoni, akathibitisha. Hapo ndipo faida kubwa ya kifaa hiki ilipo, zaidi ya hiyo picha yenyewe. Gari linalotembea na kurunzi nyeupe likifagia pande zote linawapofusha swala mbele ya fisi, na linawasumbua wanyama mia ili liwapate wawili. Ukiwa na darubini ya joto, taa inawaka mara chache, ukishajua unammulika nani.

Na sasa onyo ambalo ningependa lishike kuliko mengine yote. Darubini ya joto haimwoni mamba. Mamba na nyoka hawatengenezi joto la mwili kama sisi. Hulingana na mahali walipo. Ufuko wa mto unaoonekana mtupu kwenye skrini si mtupu. Kifutu aliyelala njiani haonekani, na kiboko aliyezama hubaki pua, macho na masikio, akizama zaidi hayupo. Mtu anayeshuka kwenye gari kwa sababu "darubini imeonyesha pako salama" ameikosea kazi yake. Chini ya miguu tumia tochi, siku zote.

Kuhusu uwindaji nitasema wazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na hakuna darubini inayobadilisha hilo. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni katika vitalu, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, lakini kuwinda gizani na kuwinda kwa taa ni makosa. Kwa hiyo darubini ya joto iliyofungwa juu ya bunduki haina matumizi halali usiku kwa mwindaji wa kitalii huko. Matumizi pekee ninayoyaona ni ya mkononi, jua likiwa linazama, pale nyati aliyejeruhiwa ameingia kichakani na kikosi pamoja na askari wa wanyamapori kinataka kujua kama amelala mbele yao. Hata hapo, kumbuka habari ya majani: kutomwona si ushahidi kwamba hayupo. Na damu usiitafute kwa joto, hupoa upesi. Ifuate kwa macho.

Ndugu zetu walioko Marekani wana hali nyingine. Texas, kwa mfano, nguruwe mwitu huhesabiwa kuwa waharibifu, huwindwa usiku na mchana katika mashamba ya watu binafsi, na tangu Septemba 2019 mwenye idhini ya mwenye shamba hahitaji hata leseni ya uwindaji kwa nguruwe hao. Huko darubini za joto za bunduki ni jambo la kawaida. Uingereza, darubini za joto hutumika sana kutafutia kulungu, lakini Sheria ya Kulungu ya mwaka 1991 inakataza kuwapiga usiku bila leseni maalumu, kwa hiyo wengi huwahesabu usiku na kuwafuata asubuhi. Popote ulipo, usitafute wanyama kwa darubini iliyo juu ya bunduki, kwa sababu hapo unamwelekezea mtutu kila mtu, ndama na mbwa unayemkuta njiani. Tafuta kwa ya mkononi. Na usipige pikseli tisa. Nyasi ndefu na uzio wa waya havionekani vizuri katika joto, na nyumba ya mtu iliyo baridi nyuma ya kilima haionekani kabisa. Lazima uwe umekuja mchana ukaijua ardhi.

Kwa mkulima wa kando ya hifadhi, kifaa hiki ni cha thamani kuliko kwa mwindaji yeyote. Tembo ana ngozi tupu na mwili mkubwa. Hata darubini ya 256 humwonyesha akiwa mbali, kabla hajafika kwenye mahindi. Hizo dakika ndizo zinazotafutwa. Kundi la walinzi wa mashamba likiwa na kifaa kimoja cha pamoja linaweza kujua ni tembo wangapi, wako upande gani na wanaelekea wapi, ndipo litumie tochi, honi na mabomu ya pilipili kuwarudisha kwa njia waliyojia. Kosa la kuepuka ni kuwasogelea kwa sababu sasa mnawaona. Wao pia wanawanusa. Kaeni mita 100 au zaidi, na aliyeshika darubini asiwe mbele.

Sheria za kuingia usiku nazo zina mipaka. Ndani ya Hifadhi ya Maasai Mara na hifadhi za taifa za Kenya, magari ya wageni hayaruhusiwi kuzurura usiku. Safari hizo hufanyika kwenye hifadhi binafsi na za jamii, kama zile zinazopakana na Mara au zilizoko Laikipia. Tanzania, baadhi ya hifadhi za taifa huziruhusu kwa kibali, Ziwa Manyara ikiwamo. Uliza mapema, na utaje kifaa chako unapouliza. Ukisafiri nacho, ulizia forodha ya nchi unakokwenda kabla ya kupanda ndege. Betri zake za lithiamu zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Kuwatajia wenye hifadhi kifaa chako si adabu tu. Mwaka 2016 shirika la uhifadhi la WWF lilitangaza kwamba kamera za joto za kampuni ya FLIR zilikuwa zimefungwa kwenye gari la doria huko Maasai Mara, na nyingine kwenye nguzo katika hifadhi nyingine ya Kenya ambayo halikuitaja jina. Askari wanaotumia vyombo hivyo wanakuona nawe, mtu mwenye joto amesimama nje ya gari saa nane usiku na kitu mkononi. Afadhali wawe wanakutegemea.

Hilo la kutotaja jina lifuate pia katika video zako. Darubini nyingi hurekodi, na ukiihamishia video kwenye simu na kuirusha papo hapo, unaweza kuwa umetoa mahali na saa. Kifaru, kakakuona na tembo mwenye meno makubwa usiwarushe kabisa wakati uko bado eneo hilo. Na hata baadaye, kilima kinachojulikana kikiwa nyuma yao kinatosha kwa jangili anayejua nchi. Wageni wako waambie hivyo kabla ya kuanza safari, wakati simu zao bado ziko mfukoni.

Mwisho ni utunzaji, na ni mfupi. Lenzi ya jerimaniumu ina utando laini: ipulizie vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha tumia kitambaa cha lenzi, si upindo wa shati lenye vumbi la Amboseli. Usiielekeze kwenye jua hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa lenzi hukusanya joto la jua na kuchoma pikseli, na alama hiyo haifutiki. Asubuhi inapoanza kupambazuka, rudisha kifuniko.